UZI: Watoto wawili wa familia moja, wote wana selimundu (SS), mmoja kila mara yuko wodini na mwenzake anacheza mpira. Kompyuta inaweza kutuambia kwa nini?

#1 Mwanaziwa (Kisumu)

Wadau wa Kisumu, Siaya, Vihiga, Kakamega na kwingineko, habari zenu. Nimeona niuanzishe uzi huu kwa sababu swali hili huulizwa sana kwenye nyuzi za afya, na majibu huishia kwa maombi ama tangazo la mitishamba. Swali lenyewe: baba mmoja, mama mmoja, watoto wawili wana selimundu. Vipimo vya wote vinasema SS, yaani wamerithi jeni ya selimundu (S) kutoka kwa baba na kwa mama. Mmoja kila mara analazwa na kutundikiwa damu, mwenzake anaumwa mara mojamoja tu. Inakuwaje?

Mimi nasoma bioinfomatiki, kazi yangu ni jeni na kompyuta, kwa hivyo nitaeleza kwa upande huo. Wa tiba watanikosoa panapostahili.

Tuanze na lisilo na ubishi. Selimundu inaletwa na herufi moja ya DNA. Kwenye jeni ya HBB, kromosomu ya 11, A imegeuka T, na mnyororo wa beta wa hemoglobini, protini ya damu inayobeba oksijeni, unapata valini mahali palipokuwa na asidi ya glutamiki. Vernon Ingram alilionyesha hilo mwaka 1957. Kwa herufi hiyo watoto wetu wawili ni sawa. Tena wanafanana kuliko watu wanavyodhani. Baba ni AS (nakala moja nzima, moja ya selimundu), mama ni AS, na kila mmoja ana kromosomu ya 11 moja tu yenye S. Ili mtoto awe SS ni lazima apokee hiyohiyo kutoka kwa baba na hiyohiyo kutoka kwa mama. Jeni za gama, zinazotengeneza hemoglobini F (HbF) ya mtoto mchanga, ziko jirani kabisa na HBB, kwa hivyo hata hizo kwa kawaida ndugu hawa wanazo sawa. Basi tofauti yao tuitafute kwingine.

Kwingine ni wapi? Kromosomu ya 2 kuna BCL11A, ambayo kazi yake mojawapo ni kuzima jeni za gama baada ya mtoto kuzaliwa. Mchanga mwenye SS miezi ya kwanza huwa mzima kwa sababu HbF bado ni nyingi. Ikishuka, ndipo unaona vidole vya mikono na miguu vimevimba na mtoto analia usiku kucha. Aliyerithi aina ya BCL11A isiyozima sana hubaki na HbF nyingi kidogo hata akiwa mkubwa, na HbF inaizuia hemoglobini S isishikamane. Kromosomu ya 6, katikati ya HBS1L na MYB, kuna eneo jingine lenye athari kwa HbF. Halafu kromosomu ya 16 kuna jeni za alfa, za mnyororo mwingine wa hemoglobini. Kwa kawaida mtu huwa nazo nne, lakini huku kwetu wengi wamerithi tatu au mbili na hawajui, maana haiwasumbui. Hiyo ndiyo alfa-thalasemia. Mgonjwa wa SS aliye nayo, chembe zake nyekundu hazivunjiki haraka sana, kiwango chake cha damu kiko juu kidogo, na hatari ya kiharusi inapungua. Ila maumivu ya mifupa hayapungui, na nyonga zinaweza kuharibika zaidi, kwa kuwa damu yenye chembe nyingi za S hupita kwa taabu kwenye mishipa midogo. Kitu kilekile kinamsaidia huku na kumwumiza kule.

Hadi hapo nimetaja jeni mojamoja. Mwingiliano ni pale athari ya jeni hii inapotegemea umerithi nini kwenye jeni ile. Mfano ninaoupenda umetoka hapahapa Kenya. Mwaka 2005 watafiti wa Kilifi walionyesha kwamba hali ya AS inamkinga mtoto na malaria kali, na alfa-thalasemia nayo inamkinga. Mwenye vyote viwili ungetarajia awe na kinga maradufu. Kumbe kinga ikatoweka karibu yote. Ukipima moja peke yake huwezi kuliona hilo kamwe.

Swali langu kwenu: tukichukua wagonjwa wa ukanda huu wa ziwa, tukasoma jeni zao, kompyuta inaweza kuzitafuta jozi kama hizo? Nasema inaweza, lakini si kwa njia wengi wanayoifikiria. Karibuni.

#2 Mama_wa_Kondele

Asante kwa kuandika kwa lugha tunayoelewa. Mimi ndio hao wawili unaowasema, wangu. Wa kwanza ndiye mgonjwa sana. Shemeji zangu walisema eti ni kwa sababu nilifanya kazi nzito nikiwa na mimba yake. Sasa hizo jeni nikizijua nitamfanyia nini mtoto?

#3 Mwanaziwa

Mama, pole sana. La kazi nzito lifute kabisa. Wazazi wakiwa AS wote, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuwa SS, na kubeba maji au kulima hakuongezi wala kupunguza.

Kuhusu cha kufanya, usitafute kipimo cha BCL11A popote, hakitabadilisha matibabu yake leo. Kinachofaa ni kliniki isikatike: Paludrine (ya kuzuia malaria), foliki asidi, chanjo, na kuuliza kuhusu haidroksiyurea kama bado hajaanzishiwa. Dawa hiyo inafanya kazi kwa sehemu kubwa kwa kupandisha HbF, yaani inamsogeza mtoto kuelekea pale ambapo mwenye bahati ya jeni amezaliwa akiwa. Haingoji tujue jeni zake.

#4 FundiKompyuta254

Mkuu, mbona unazunguka? Siku hizi hakuna haja ya kuchagua jeni. Chukua data yote, mamia ya maelfu ya vipimo kwa kila mgonjwa, mwagia mtandao wa neva (programu inayojifunza kwa mifano), wacha GPU, chipu ya kasi, ipige kazi usiku mmoja. Itajua yenyewe jozi gani ina maana. Mambo ya kukaa na jeni tatu ni ya zamani.

#5 TichaWaTakwimu (Kakamega)

Fundi, kwanza tupige hesabu kidogo.

Kipimo cha kawaida cha jenomu nzima, yaani DNA yote ya mtu, kinasoma, tuseme, sehemu 500,000. Jozi zake ni karibu bilioni 125. Kompyuta ikipima jozi milioni moja kwa sekunde, itamaliza kwa saa 35 hivi, kwa hivyo muda si tatizo. Ukitaka watatu-watatu, kwa kasi ileile, utahitaji miaka kama 660. Lakini tubaki na jozi.

Kwenye takwimu, p ni uwezekano wa kupata tokeo kama hilo kwa bahati tu, na kizingiti cha p cha 0.05 kinaruhusu bahati nasibu kupita mara tano kwa kila mia. Kwa jozi bilioni 125 utapata zaidi ya bilioni sita "zenye maana" hata kama hakuna mwingiliano wowote duniani. Basi ukikaza kizingiti kwa kugawa 0.05 kwa idadi ya jozi, unafika kwenye sufuri, nukta, sufuri kumi na mbili, halafu nne. Ni athari kubwa ajabu tu itakayopita hapo.

Halafu una wagonjwa wangapi? Tuseme 600, na hao ni wengi kwa kliniki moja. Chukua mabadiliko mawili, kila moja likiwa kwenye asilimia 10 ya nakala zote za jeni yake katika jamii. Mtu mwenye nakala mbili za hili na mbili za lile ni mmoja kati ya 10,000. Kwa hivyo kwenye kundi lako la 600 huna hata mmoja. Wenye nakala mojamoja ya yote mawili watakuwa kama 19. Mwingiliano wako wote unaegemea watu 19, ambao wawili wakihama kliniki matokeo yanageuka. Kuna GPU ya kuongeza wagonjwa?

#6 FundiKompyuta254

Ticha umenipiga na hesabu mchana kweupe. Lakini mtandao wa neva hautumii p. Unajifunza.

#7 TichaWaTakwimu

Unajifunza, ndiyo, na ukiwa na safu laki tano na watu mia sita unakariri. Ni mwanafunzi aliyemeza majibu ya KCSE ya mwaka jana: mpe karatasi ileile atapata A, mpe mpya anaanza kutoka jasho. Ndiyo maana unaficha sehemu ya wagonjwa, unaujaribu kwa hao ambao haujawahi kuwaona. Na hapo pia kuna mtego. Kama waliofichwa wametoka kliniki ileile, mashine inaweza kuwa imejifunza kliniki, si ugonjwa. Ficha kliniki nzima, halafu urudi hapa na asilimia zako.

#8 Mwanaziwa

Ticha amemaliza kazi yangu nusu. Niongeze la kikwetu.

Ukiwakusanya wagonjwa wa Kisumu na wa Bungoma pamoja, una Waluo na Waluhya, Wakisii kidogo, Wateso kidogo. Hawa ni majirani wanaooana lakini asili zao ni tofauti, na viwango vya mabadiliko mengi ya jeni vinatofautiana. Kama Waluo wengi wa kundi lako wametoka kliniki inayotoa haidroksiyurea na Waluhya wametoka isiyo nayo, kompyuta itakuletea jozi nyingi "zinazoshirikiana" kati ya kromosomu ya 3 na ya 14 kumbe imegundua tu nani anatoka wapi. Kwa hivyo kabla ya chochote unapima ukoo wa kijenetiki wa kila mgonjwa na kuuingiza kwenye hesabu.

Njia ninayoipendelea mimi ni ya kupunguza. Usianze na sehemu 500,000. Anza na jeni ambazo baiolojia tayari imezitaja, pamoja na zile zinazogusana nazo. Kuna hifadhidata kama STRING inayoonyesha protini gani inashikamana na ipi, na programu ya Cytoscape ya kuchora huo mtandao. Ukibaki na jeni 50, ukachukua badiliko moja kwa kila jeni, jozi ni 1,225. Kizingiti kinakuwa 0.00004, kikali lakini kinafikika. Hasara yake ni kwamba hutagundua jeni ambayo hakuna aliyewahi kuifikiria. Mimi niko tayari kuilipa.

#9 Mzee_wa_Dunga

Vijana mnaandika vizuri, lakini haya si mambo ya wazungu? Sisi tunachangia damu tu, majibu yanachapishwa huko kwao.

#10 Mwanaziwa

Mzee wangu, manung'uniko yako yana haki, ila historia yenyewe ina mguu mmoja hapa. Anthony Allison, Mwingereza aliyekulia Kenya, alichukua sampuli za damu nchini mwaka 1949 na kuona kwamba selimundu ni nyingi pwani na kandokando ya ziwa letu, na chache nyanda za juu. Kutoka hapo akaiunganisha na malaria, na mwaka 1954 akachapisha. Ni damu ya huku iliyofundisha ulimwengu kwamba jeni mbaya inaweza kudumu kwa sababu inakinga.

Na si majibu tu yanayokwenda. Kwenye 1000 Genomes, mradi wa kimataifa uliosoma jenomu za watu wa mataifa mbalimbali, kuna kundi linaitwa LWK, nalo ni Waluhya wa Webuye, karibu watu mia moja. Jenomu zao ziko wazi kwenye intaneti, bila majina, na mwanafunzi wa Maseno au Masinde Muliro anaweza kuzipakua leo bila kumwomba mtu. Mimi huzitumia kila wiki kujaribu skripti kabla sijagusa data ya mgonjwa yeyote. Kosa lake ni kwamba Waluhya mia hawawezi kusimama badala ya Waluo, Wakisii na Wakuria, lakini ni afadhali kuliko kulinganisha na kundi la watu wa Utah, Marekani, wenye asili ya Ulaya.

Na jirani zetu wa Muhimbili, Dar es Salaam, walifanya uchunguzi wa jenomu nzima kuhusu HbF kwa wagonjwa wao wa selimundu na kuuchapisha mwaka 2014. BCL11A ilijitokeza waziwazi. Hilo lilifanywa na Waafrika, wakishirikiana na wenzao wa nje, kwa wagonjwa wa Kiafrika.

#11 TichaWaTakwimu

Nina swali la kukuchokoza, Mwanaziwa. Wagonjwa wako wote ni SS. Kitu kisichobadilika hakiwezi kuingiliana na kingine kwenye hesabu. Kwa hivyo ukisema unapima "mwingiliano wa HBB na BCL11A" ndani ya kliniki ya selimundu, unapima nini hasa?

#12 Mwanaziwa

Hilo ni swali la mtahini. Ndani ya kliniki napima athari ya BCL11A kwa watu ambao tayari ni SS, basi. Ili niuite mwingiliano na HBB ningehitaji AA (asiye na S kabisa), AS na SS kwenye jedwali moja. Ninachoweza kupima kliniki ni BCL11A na lile eneo la MYB, au BCL11A na alfa-thalasemia, maana hizo zinatofautiana kati ya mgonjwa na mgonjwa.

Na hata hapo kuna shimo jingine ambalo wengi wanaotumia amri ya --epistasis (ya kutafuta mwingiliano) ya PLINK, programu ya kuchambua jeni, hulitumbukia. Tuseme, kwa mfano tu, asiye na bahati yoyote ana HbF ya asilimia 4. Mwenye bahati ya jeni ya kwanza ana 8. Mwenye bahati ya jeni ya pili ana 6. Mwenye zote mbili ana 12. Ukijumlisha ulitarajia 10, yaani 4 na ongezeko la 4 na ongezeko la 2. Umepata 12, unaita waandishi wa habari: mwingiliano! Sasa pima kwa logi, yaani kwa kuzidisha badala ya kujumlisha. Ya kwanza inazidisha mara mbili, ya pili mara moja na nusu, 4 mara 2 mara 1.5 ni 12. Hakuna mwingiliano wowote. Mgonjwa ni yuleyule, ni kipimo tu kilichobadilika. Kwa hivyo nikiona makala inatangaza mwingiliano bila kusema HbF ilipimwa kwa skeli gani, naifunga.

#13 FundiKompyuta254

Hii ya 4, 8, 6, 12 imenikalisha chini. Naiandika ukutani.

#14 Mama_wa_Kondele

Kuna hii tiba ya kukata jeni niliisikia redioni. Inahusiana?

#15 Mwanaziwa

Inahusiana moja kwa moja, Mama. Inaitwa Casgevy, Uingereza iliiidhinisha Novemba 2023 na Marekani mwezi uliofuata. Wanatoa seli mama za damu za mgonjwa mwenyewe, wanakata kipande kinachoiwasha BCL11A ndani ya seli za damu nyekundu, wanamrudishia baada ya kemotherapi kali. BCL11A ikilala, gama inaamka, HbF inapanda. Na BCL11A ilijulikana kuhusiana na HbF kutokana na hizohizo hesabu za jenomu za mwaka 2007 na 2008. Bei ya Marekani ilipoidhinishwa mwaka 2023 ilikuwa dola milioni 2.2 kwa mgonjwa, kwa hivyo sitakudanganya kwamba iko njiani kuja Kondele.

#16 Sista_wa_Kliniki (Siaya)

Nimesoma kimyakimya tangu asubuhi. Nahudumu kliniki ya selimundu, na naona mnajadili jeni kwa ufasaha lakini upande wa pili wa jedwali hamjaugusa. Hiyo "ukali wa ugonjwa" mtaipata wapi? Kwa faili zetu?

Nieleze faili lilivyo. Mtoto amekuja na maumivu, mmoja wetu anaandika "krisisi", mwingine "maumivu ya viungo", wa zamu ya usiku "malaria" kwa sababu kipimo kilikuwa chanya. Aliyetibiwa nyumbani na panadoli haandikwi popote. Anayeishi mbali na barabara ya lami huja akiwa amezidiwa, anayeishi karibu na geti huja kwa kila homa, kwa hivyo kwenye daftari wa karibu ndiye anaonekana mgonjwa sana. HbF imeandikwa, lakini mara nyingine imepimwa mwezi mmoja baada ya kuongezewa damu, na hiyo ni damu ya mtu mwingine nusu. Mara nyingine mtoto alikuwa tayari kwenye haidroksiyurea, na hakuna tarehe ya kuanza.

Na kuna wale ambao hatuwaoni. Watoto wa SS wanaofariki wakiwa wadogo kwa malaria au nimonia bila hata kupimwa. Wa miaka kumi na mbili anayekuja kwangu ni aliyepita kwenye chujio. Hesabu zenu zinajua hilo?

#17 TichaWaTakwimu

Sista, heshima. Hesabu hazijui, na hilo la chujio ni baya kuliko yote. Tuseme vitu viwili kila kimoja kinamsaidia mtoto kufika umri wa miaka kumi. Aliyekosa cha kwanza akafika, mara nyingi amefika kwa sababu alikuwa na cha pili. Ukiangalia waliofika tu, vitu hivyo viwili vitaonekana vinakwepana, na programu itakuambia vina uhusiano ambao kwa watoto waliozaliwa haupo. Dawa yake ni kuanza na watoto wanaopimwa wakizaliwa na kuwafuata, na hiyo haina njia ya mkato ya kompyuta.

#18 Mwanaziwa

Sista ameandika bandiko bora kuliko yangu yote. Msimamo wangu nauweka wazi: kwa ukanda huu, kazi ya kwanza ya mtu wa bioinfomatiki ni daftari la kliniki, na jenomu baadaye. Kusoma jeni za watu 600 ni suala la fedha na sampuli. Kujua nani kati yao alikuwa na maumivu mangapi, bila kuchanganya na umbali wa barabara, hilo halinunuliwi.

Sista, ukiruhusiwa kubadilisha daftari kidogo, ningeomba haya tu: tarehe ya kuongezewa damu mara ya mwisho kabla ya kila kipimo cha HbF, tarehe ya kuanza haidroksiyurea na kipimo cha dawa, idadi ya siku mtoto alizokosa shule kwa maumivu kwa mujibu wa mzazi, maana hiyo haijali umbali wa hospitali, na ndugu zake wengine wako hali gani. Hilo la ndugu nalitaka sana. Ndugu wawili wa SS wanakula chungu kimoja, wanalala nyumba moja, na eneo la HBB kwenye kromosomu ya 11 kwa kawaida wanalo sawa. Ukiwa na jozi za ndugu mia mbili wanaotofautiana kwa ukali, una kitu ambacho watu elfu wasiohusiana hawakupi kirahisi.

#19 Sista_wa_Kliniki

Ya damu na ya siku za shule inawezekana, hata kesho. Tarehe ya haidroksiyurea ipo, lakini iko kwenye kitabu cha famasi, si kwenye faili la mtoto. Na namba ya mgonjwa inabadilika kila tukifungua daftari jipya Januari. Ndugu hatujawahi kuandika, lakini mama zao nawajua kwa sura.

#20 Mama_wa_Kondele

Sista mkija Kisumu wangu wawili waandikeni. Huyo mdogo naye anataka kujua kwa nini anaitwa mgonjwa na yeye ndiye golikipa.

#21 FundiKompyuta254

Kuoanisha namba zinazobadilika hiyo ndiyo kazi yangu, hapo siongei tu. Jina la mtoto, jina la mama, tarehe ya kuzaliwa, skripti inatafuta wanaofanana hata kama tahajia imepinda, halafu mtu anathibitisha kwa macho. Sista nitumie picha ya ukurasa mmoja.

#22 Mwanaziwa

Fundi, usitumiwe picha ya ukurasa wowote wenye majina. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na kuna kamati ya maadili na kibali cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, kabla ya kugeuza daftari kuwa utafiti. Sista, nitumie vichwa vya safu tu, vya daftari la kliniki na vya kitabu cha famasi, bila mgonjwa hata mmoja. Fundi ataandika skripti kwa majina ya kubuni, mtaiendesha nyinyi wenyewe kwenye kompyuta ya kliniki na data isitoke hapo. Mimi naanza kuandika ombi la kamati wiki hii. Ticha, sehemu ya ukubwa wa sampuli ni yako.

#23 TichaWaTakwimu

Nipe kwanza makisio ya ndugu wangapi wa SS mnaweza kuwapata kwa kliniki mbili. Bila hiyo siandiki namba.

#24 Sista_wa_Kliniki

Nitahesabu Jumanne, ndiyo siku ya kliniki.